Kabla ya asidi, dondoshea limau

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mama mmoja wa Tabata. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Baba, sakafu yangu imekufa. Njoo uone." Nikaenda. Sebule nzima ni terazo ya zamani, kokoto nyeupe na za kijani, kazi ya fundi aliyejua anachofanya. Lakini ilikuwa imepauka kama ulimi wa mgonjwa wa homa. Nikasogeza kabati la vyombo. Chini yake, mahali ambapo tambara halifiki, terazo bado inang'aa mpaka unaona taa ya dari ndani yake.

"Mama, mmesafishia nini hapa?"

Kimya. Binti yake akaenda uani, akarudi na chupa: dawa ya kusugulia choo, yenye asidi.

Sikumlaumu. Nina zaidi ya miaka ishirini kwenye kazi hii ya sakafu, na ningeulizwa ni nini kinachoua sakafu nyingi za Dar, nisingetaja miguu wala watoto wala viti vya plastiki. Ningetaja usafi. Mtu anaona doa, anatafuta dawa kali kuliko doa, na dawa inakula vyote viwili.

Terazo ni saruji iliyochanganywa na vipande vya marumaru, ikamwagwa, ikakauka, kisha ikasagwa kwa mashine mpaka vile vipande vikajitokeza laini. Marumaru kwa asili yake ni chokaa ya mawe iliyobanwa na kupikwa na joto la ardhini. Saruji nayo huanzia kwenye chokaa. Asidi ikigusa chokaa, vinamenyana papo hapo na hewa ya ukaa inatoka kwa vipovu. Lile povu ambalo watu hulifurahia wakidhani ni uchafu unaotoka, ni sakafu yenyewe inayoondoka. Ukishafuta maji hauoni shimo, kwa sababu kilicholiwa ni kile kingozi laini cha juu kilichokuwa kinarudisha mwanga. Unaona weupe tu. Unamwaga tena, ukitafuta mng'ao.

Ndiyo maana kila mteja mpya namwagiza limau. Kata kipande, dondosha tone moja kwenye kona isiyoonekana, inama uangalie kwa nusu dakika. Ukiona vipovu vidogo, hata vichache, sakafu yako ni ya ukoo wa chokaa: terazo, marumaru ya kweli, saruji. Huko asidi ya aina yoyote ni marufuku, na siki na limau vimo humo humo, hata kama mtandaoni wanakwambia ni dawa ya asili. Usipoona kitu, huenda una vigae vya kauri au jiwe la graniti. Ila angalia: sakafu iliyopakwa nta au vanishi inaweza kukudanganya, maana tone halijafika kwenye jiwe. Kwangua nta kidogo kwanza. Ukimaliza, suuza hapo hapo.

Terazo ya Tabata tuliisaga upya kwa siku tatu. Unaanza na jiwe la kukwaruza, namba 60 au 120 kutegemea ubaya wa hali, unapanda namba hadi namba, mpaka 1500 au 3000 ambapo mng'ao unarudi wenyewe bila kupaka chochote. Ni vumbi, ni tope, na si bei ya kuchekea. Baada ya hapo nilimwachia masharti: maji, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kidogo sana, kifuniko kimoja kwa ndoo ya lita 10, kisha deki ya pili kwa maji matupu. Sabuni ya unga ukiizoea inaacha utando, na huo utando ndio unaoshika vumbi mpaka ukadhani sakafu inachafuka haraka.

Kwenye vigae nianze na jina, kwa sababu jina limeshanisababishia kazi nyingi. Tanzania tunaita kila kigae cha dukani marumaru. Muuzaji anasema marumaru, gazeti linasema marumaru, na kilichomo kwenye boksi ni udongo uliochomwa tanuruni. Siku mtu akinunua jiwe la marumaru kwelikweli kwa ajili ya ngazi zake, analitunza kama kile kigae alichozoea, na mwaka haujaisha limeingia madoa. Limau litakutofautishia kwa sekunde.

Kigae chenyewe ni kigumu. Kile cha poselini kinanyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo doa halina pa kuingia. Udhaifu uko kwenye grauti, ule mstari wa saruji katikati ya vigae. Huo unanyonya maji, na asidi inautafuna kama ilivyotafuna terazo. Bafu linalosuguliwa kwa dawa ya choo kila Jumamosi, baada ya mwaka mmoja mistari imezama na mingine imebaki mchanga mtupu. Maji yanapita chini, vigae vinaanza kuachia. Chukua sarafu ugonge. Kilichoshika kinalia kifupi, kizito. Kilichoachia kinalia kama debe. Kimoja au viwili vinatibika, lakini chumba kizima kikilia debe, usipoteze hela kujaza grauti, utavibandua tu.

Kuna mahali asidi inaruhusiwa, nami huitumia: kuondoa ukungu wa saruji uliobaki juu ya vigae vipya baada ya ujenzi. Lakini kwanza grauti iwe imekauka wiki kadhaa, kisha sakafu yote inaloweshwa maji safi ili mistari ishibe isinywe asidi, dawa inazimuliwa, inakaa dakika chache, inasuuzwa mara mbili. Fundi anayemwaga moja kwa moja kutoka kwenye dumu, msimamishe. Na jambo ambalo silifanyii utani: usichanganye asidi na dawa ya kutoa madoa yenye klorini. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu, na bafu zetu nyingi zina kidirisha cha kupitisha mkono tu. Kwa weusi wa grauti, magadi soda yaliyokorogwa na maji yawe uji mzito, na mswaki wa zamani, vinatosha mara nyingi. Mkono utauma, lakini grauti itabaki.

Nyumba nyingi zaidi bado ni za niru: saruji iliyolainishwa kwa mwiko, wakati mwingine imetiwa rangi nyekundu. Mimi naipenda kuliko kigae cha bei rahisi. Ikimwagiliwa maji siku 7 za mwanzo bila uvivu, ikaachwa karibu siku 28 ifike nguvu yake kabla ya kuburuzia makabati, itakuzika. Nyingi hupasuka kwa sababu mwenye nyumba alihamia siku ya tano.

Shida ninayoitiwa zaidi kwenye niru ni ile wanayoiita fangasi, unga mweupe unaochipuka sakafuni na chini ya ukuta. Mara nyingi si fangasi hata kidogo. Ni chumvi. Maji ya ardhini yanapanda kwenye jamvi, yaani zege la chini ya sakafu, lisilotandikwa nailoni, yanafika juu, yanakauka, chumvi inabaki. Weka unga huo kwenye kijiko cha maji: ukiyeyuka ni chumvi. Ukiudeki unauyeyusha na kuurudisha ndani, kesho kutwa uko pale pale. Ufagie mkavu kwa brashi, uutupe nje, kisha shughulika na maji yanakotoka, ambayo mara nyingi ni mchirizi wa bati unaomwaga msingini. Na usitandike kapeti la plastiki juu yake kuficha aibu. Unyevu unakosa pa kutokea, na hapo sasa fangasi wa kweli wanakuja, na harufu yao. Kabla ya kutandika, gundisha kipande cha nailoni sakafuni kwa tepu pande zote nne, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta jasho chini yake, kapeti lirudi dukani.

Niru nyekundu inayopakwa polishi ya nta ina ugonjwa wake mmoja, nao ni upendo uliozidi. Tabaka juu ya tabaka, kila sikukuu, mpaka inakuwa nyeusi na inateleza kama kambale. Itoe yote kwa maji ya moto, sabuni na brashi ngumu mara moja kwa mwaka, kisha paka nyembamba sana na usugue kwa kitambaa kikavu mpaka kidole kisishike kitu.

Mbao nitazipitia haraka kwa kuwa ni wachache walio nazo: mninga, mkongo au mtiki, haijalishi, maji ya kusimama ni adui. Tambara likamuliwe mpaka liwe karibu kavu. Zile mbao za kubandika kutoka nje, ambazo ndani ni unga wa mbao uliobanwa, zikishavimba kingo hazirudi. Fundi aache nafasi ya milimita 8 hadi 10 ukutani, maana mbao hutanuka masika.

Sakafu zote hizi zinahitaji kitambaa kigumu mlangoni. Mchanga wa Dar una kwartzi nyingi, na kwartzi iko ngazi ya 7 kwenye kipimo cha ugumu wa madini chenye ngazi 10, wakati marumaru iko karibu na 3. Kila kandambili inayoingia nayo ni msasa. Fagia kwanza, deki baadaye. Ukideki juu ya mchanga unasaga terazo bila mashine.

Nimalizie Unguja, ambako ndiko nilikojifunza kuogopa saruji. Neno sakafu lina asili ya Kiarabu, na kwa Kiarabu maana yake ni dari. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe unaelewa kwa nini: dari ya chini ndiyo sakafu ya juu. Boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe, juu yake chokaa na mchanga na udongo mwekundu, vikapondwa na watu wengi kwa siku nyingi huku wakiimba. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Sakafu ile inapumua: unyevu unaingia na kutoka. Ikipasuka, inazibwa kwa chokaa iliyolowekwa. Ukiipaka saruji na vigae juu, umeongeza uzito usiopigiwa hesabu na umeifunga pumzi.

Nilipelekwa kwenye chumba kimoja cha ghorofani kilichobandikwa vigae vizuri, vyeupe, mistari imenyooka, hakuna hata kimoja kilicholia debe. Mwenye nyumba alitaka nimsaidie tu kung'arisha grauti. Nikamwomba nishuke kwanza chumba cha chini nikaangalie boriti. Nilichomeka bisibisi kwenye ncha ya moja, pale inapoingia ukutani. Iliingia mpaka kwenye mpini.