Sinki ya Jikoni kwa Nyumba za Lamu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Sinki nyingi zinazoingia Lamu huvushwa kwa mashua kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, kisha hupakiwa punda au mkokoteni mpaka mlangoni. Ukigundua umeuziwa isiyofaa, kuirudisha ni shughuli na gharama juu ya gharama. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wananunua kwa kufuata maneno ya barazani, na mengi ya maneno hayo si kweli, au ni kweli kwa mji ulio mbali na bahari.

"Chukua ya stenlesi, bi, hiyo haishiki kutu."

Inashika. Stenlesi hulindwa na utando mwembamba sana wa oksidi ya kromi uliotanda juu ya chuma. Ukikwaruzwa, utando huo hujifunika tena wenyewe, mradi hewa inafika. Kinachouvunja ni kloridi, na kloridi ndiyo iliyomo kwenye chumvi. Sisi chumvi tunayo kila upande: upepo wa bahari unaipenyeza madirishani, samaki wanaoshwa nayo, na maji ya visima vingi yanatoka nayo. Tone la maji ya kisima likikauka kwenye sinki, maji huenda na chumvi hubaki. La kesho linaongeza, la keshokutwa linaongeza. Kwanza utaona madoa ya rangi ya chai karibu na tundu la kutolea maji na kwenye kona. Baadaye vinatokea vitundu mfano wa vilivyochomwa kwa sindano, na kitundu cha aina hiyo kikishaanza huchimba kwenda chini hata kama juu pamesuguliwa pakang'aa.

Kwa hiyo swali la dukani si kama ni stenlesi, ni stenlesi gani. Aina inayoitwa 304 ina kromi karibu asilimia 18 na nikeli karibu asilimia 8. Hii ndiyo ya kawaida kwa sinki nzuri. Ya 316 imeongezwa molibdeni, asilimia 2 hadi 3, na inastahimili chumvi zaidi. Halafu kuna 201, ambayo nikeli yake imepunguzwa na nafasi yake ikajazwa manganisi ili bei ishuke, na kuna 430 isiyo na nikeli ya maana. Kama jikoni kwako hutumika maji ya mvua au ya mfereji yaliyo matamu, 304 inatosha kabisa. Kama ni maji ya kisima cha chumvi asubuhi na jioni, tafuta 316, ingawa ni ghali na si kila duka linayo. Ukiikosa, nunua 304 na uifanye desturi kuisuuza kwa kata moja ya maji matamu kila usiku na kuipangusa kwa kitambaa kikavu. Kule kupangusa ndiko watu wanakodharau, na ndiko kunakookoa sinki.

"Lete sumaku. Isiposhika, hiyo ni halisi."

Jaribio hili linapendwa na wauzaji na mafundi, na linasaidia nusu tu. Sumaku hushika 430, kweli, kwa hiyo hiyo utaitambua. Lakini 201 kwa kawaida haishikwi na sumaku, sawasawa na 304, na hiyo 201 ndiyo unayoweza kuuziwa kwa jina la 304. Tena 304 halali inaweza kuvutwa kidogo kwenye kona, kwa sababu chuma kilikandamizwa sana pale wakati wa kuunda bakuli. Afadhali utazame kama nambari imepigwa kwenye ukingo au chini yake, na umwombe muuzaji aiandike kwenye risiti. Anayejua anauza nini hatakataa kuandika.

"Geji kubwa ndiyo nene."

Geji ni nambari ya kupimia unene wa bati la sinki, na ni kinyume chake: nambari ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 16 ni kama milimita 1.5, geji 18 ni kama 1.2, na geji 22 haifiki hata 0.8. Bonyeza kitako cha bakuli kwa kidole gumba: kikiingia na kutoka kwa mlio, sufuria la pilau litakibonyeza vivyo hivyo. Kelele za vyombo ni jambo jingine. Unene hupunguza kidogo, ila kinachozimeza hasa ni vipande vya mpira vilivyobandikwa chini ya bakuli, kwa hiyo igeuze uone kama vipo.

"Terazo ni ya maisha, haina adui."

Mimi naipenda sinki ya terazo, hasa kwa nyumba kubwa. Fundi huimwaga papo hapo kwa kipimo cha masufuria yako, na chumvi haiitoboi kama chuma. Lakini adui anao, na anaishi jikoni mwetu: ndimu, ukwaju na siki. Terazo ni saruji iliyochanganywa na vipande vya marumaru, na marumaru asili yake ni chokaa. Asidi huila chokaa. Ukimkamulia samaki ndimu ndani ya sinki kila siku na kuacha maji yale yatuame, ule uso laini hupauka, kisha huparuza, na palipoparuza hapo hunasa mafuta na harufu. Haimaanishi usitie ndimu. Maana yake ni maji yamwagwe mara moja, na uso upakwe dawa ya kuziba vinyweleo tangu mwanzo, kisha urudiwe unapoanza kunywa maji.

Kazi ya fundi ikaguliwe kabla ya malipo ya mwisho. Mimina kikombe cha maji kwenye kona iliyo mbali na tundu, utazame. Maji yote yanapaswa kukimbilia tundu bila kusukumwa. Yakibaki kidimbwi hata cha upana wa sarafu, mteremko haukutosha, na hapo ndipo uchafu utakapolala miaka yote. Kona nazo ziwe za mviringo, ili kidole kiingie kusugua.

"Ya kauri haina shida yoyote."

Kutu haishiki, na ndimu haiiumizi. Ila sufuria likiponyoka hubanduka kipande, na uzito wake ni mkubwa. Kwenye nyumba kongwe za mawe ya matumbawe na chokaa usiitundike ukutani kwa misumari. Iwekewe miguu au ukuta mdogo wa kuibeba kutoka chini.

"Kina kirefu zaidi ndicho bora."

Kina cha sentimita 20 hivi humfaa mtu wa kimo cha kawaida. Ikifika 25, mwoshaji anainama kutwa, na mgongo wa jioni utasema. Lipo pia tatizo lisiloonekana dukani: bakuli likishuka, tundu lake nalo hushuka, na katika nyumba ya zamani bomba la kutolea maji lililo ukutani huenda likawa juu yake. Maji hayapandi. Pima urefu wa bomba hilo kutoka sakafuni kabla ya kwenda dukani, na upana wa kabati upimwe kwa ndani, si juu ya kaunta.

Habari ya bakuli mbili ni fupi. Kwa maji ya kuteka zinafaa, moja ya sabuni na moja ya kusuuza, maji yakabaki kidogo. Kwa nyumba ya shughuli, bakuli moja pana ni bora, kwa sababu sufuria kubwa haliingii kwenye mbili ndogo.

"Jiki na waya ndizo hung'arisha."

Jiki ina klorini. Ukiroweka matambara kwa jiki ndani ya sinki ya stenlesi usiku kucha, asubuhi unaweza kukuta vitundu. Waya wa chuma huacha chembe zake, na zikishika kutu unaishutumu sinki. Sabuni na sifongo vinatosha, na doa jeupe la chokaa kwenye stenlesi lipakwe ndimu dakika chache, kisha lisuuzwe vizuri.

Asidi ya kusafishia vigae ni mbaya kuliko hizo zote. Hata isipomwagika kwenye sinki, moshi wake pekee huipaka kutu stenlesi mpya kwa siku chache. Fundi wa vigae amalize kwanza, sakafu ioshwe kwa maji mengi na madirisha yaachwe wazi, ndipo sinki iletwe ifungwe.