Mdundo Uliobaki Chumbani

Karibu kila programu ya kuhariri sauti ina gridi, yaani mistari inayougawa muda sawasawa. Unachagua kasi, tuseme mapigo 120 kwa dakika, na kila sauti inavutwa ikae kwenye mstari wake. Mimi hutunga sanaa ya sauti na wasanii wenye ulemavu, na gridi ndiyo kitu cha kwanza ninachozima. Mguu unaochechemea una mdundo wake, na ulimi unaokwama una wake. Ukivuta mdundo huo ukae mstarini, umefuta kile ulichokuja kurekodi.

Ningependa kila anayeanza kazi hii amsikilize Alvin Lucier, mtunzi wa Marekani aliyefariki mwaka 2021. Lucier alikuwa na kigugumizi. Mwaka 1969 alitunga I Am Sitting in a Room. Anasoma aya fupi mbele ya maikrofoni, anaicheza rekodi hiyo kwenye spika chumbani, anarekodi kinachosikika, kisha anakicheza na kukirekodi tena, duru baada ya duru. Kila chumba kina masafa ya sauti, yaani viwango vya mtetemo, kinayoyakuza kulingana na umbali kati ya kuta zake. Hayo yanazidi kupata nguvu na mengine yanafifia. Konsonanti zinalegea, maneno yanavimba na kuingiliana, na mwishowe huokoti neno hata moja, ila milio mirefu inayopanda na kushuka.

Ndani ya aya yenyewe anatangaza kwamba usemi wake wote utapotea, isipokuwa pengine mdundo, na kwamba kwake hii ni njia ya kulainisha kasoro za kusema kwake. Tega sikio anapofika kwenye neno hilo la mdundo, rhythm kwa Kiingereza chake: anakwama. Sauti ya kwanza inajirudia, ndipo neno linatoka. Wapo wanaosema chumba kilimponya, nami siafikiani nao kabisa. Chumba kinafuta irabu na konsonanti, lakini muda hakiwezi kuupanga upya. Alipokawia, mlio nao unakawia hadi duru za mwisho, japo kingo zake zimefifia. Kigugumizi ndicho kilichopanga muziki huo tangu sentensi ya kwanza, na kwangu hapo ndipo uzuri wake ulipo.

JJJJJerome Ellis, mwanamuziki wa Marekani mwenye kigugumizi pia, huandika jina lake kwa J tano kwa sababu ndilo linalomkwamisha sana. Katika albamu ya The Clearing ya mwaka 2021 anasema na kupiga saksofoni, na anapokwama hakuna aliyekata. Kimya kinaachwa kiwe kirefu kadiri kilivyokuwa. Mara ya kwanza msikilizaji hungoja neno lifike. Akizoea, anaanza kusikia kilichomo ndani ya kungoja kwenyewe.

Kwa viziwi suala ni mahali mdundo unapoingilia mwilini. Evelyn Glennie, mpiga ngoma wa Uskoti aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake akiwa na miaka 12, hupiga bila viatu: sauti nzito huzipata miguuni, nyembamba huzipata usoni na shingoni. Sikio lisilo na tatizo hupokea takriban hezi 20 hadi 20,000, yaani mitetemo kwa sekunde. Ngozi huishia karibu na 1,000, na hisia yake ni kali zaidi kwenye 250 hivi. Isitoshe, ngozi haitenganishi mapigo yaliyokaribiana sana vizuri kama sikio, hivyo mapigo ya haraka huyeyuka yakawa mngurumo mmoja.

Kwa hiyo nikitunga kwa hadhira yenye viziwi, naachanisha mapigo na kuyashusha kwenye besi. Spika naziweka juu ya jukwaa la mbao lililoinuliwa, kwa kuwa sakafu ya zege haitetemeki vya kutosha, na watu nawaomba wavue viatu, wakae au walale juu ya mbao hizo. Sauti nyembamba nawapa kwa puto: ukilikumbatia kifuani, linatetemeka pamoja na hewa, na vidole vinapata hata kile ambacho mbao hazikufikisha.