Saa ya mkononi na mtoto asiyetulia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Saa janja zimejaa madukani Tanga mjini, na wazazi wenye watoto wasiotulia wameanza kuulizana kama zinaweza kuwaambia iwapo mtoto ana ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutuliza mwili au akili kuliko wenzake wa rika lake. Swali ni zuri. Majibu yanayozunguka mitaani ndiyo yenye walakini.

“Saa ikionyesha hatulii, basi ana ADHD.”

Hapana. Ndani ya saa kuna kihisi kidogo kiitwacho akselerometa, kinachopima jinsi mkono unavyobadili mwendo, mara nyingi ndani ya kila sekunde. Kinajua mkono umetikisika. Hakijui kwa nini.

Mtazame mtoto wa Ngamiani jioni akiwa chuoni, amekaa na juzuu yake, anasoma huku akiyumba mbele na nyuma kama wenzake wote. Saa itaandika mwendo mwingi, na huenda ustadhi akakwambia huyo ndiye anayeongoza kwa utulivu. Akipanda baiskeli, chombo ambacho hapa Tanga hakikosekani, miguu inakanyaga kwa nguvu lakini mkono umeshika usukani, hivyo saa inahesabu kidogo. Barabara ya mashimo ikianza kumrusharusha, hesabu inapanda na yeye hajafanya lolote. Akienda kuogelea Raskazone akaivua, inaandika utulivu mtupu. Ndiyo maana watafiti humpa mzazi daftari aandike saa ilivuliwa lini, mtoto alilala na kuamka lini. Bila maelezo hayo namba zinapotosha.

Anayeamua ni mtaalamu, na huangalia mengi: dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, zilianza kabla ya miaka 12, zinaonekana sehemu zaidi ya moja, tuseme nyumbani na shuleni, na zinamkwamisha mtoto kweli. Hata Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba kwa huduma ya afya ya huko, ilipokipendekeza mwaka 2024 kipimo cha QbTest kwa watoto wa miaka 6 hadi 17, ambacho hutumia kamera kufuatilia mtikisiko wa kichwa mtoto akifanya zoezi kwenye kompyuta, ilikipendekeza kama msaada kwa daktari.

“Kama haiamui, haina faida.”

Hili nalipinga kwa nguvu zote. Mama akiulizwa hospitalini, “Mwanao yukoje?”, hujibu kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu aliyechoka huelemea siku mbaya. Mwalimu mwenye darasa lililofurika naye humkumbuka aliyemsumbua. Kifaa hakichoki.

Mwaka 1983, Linda Porrino, Judith Rapoport na wenzao kule Marekani walichapisha utafiti ambamo wavulana wenye hali hii walivaa kifaa cha kuhesabu mwendo kwa wiki nzima, usiku na mchana. Walizidi wenzao kwa mwendo hata siku za mapumziko, hata usingizini, na tofauti ilionekana sana kwenye vipindi vya kusoma na hesabu. Anayesema mtoto wa namna hii anafanya kusudi, au amedekezwa tu, aeleze na ule mwendo wa usingizini. Viboko havigusi kitu kama hicho.

Faida nyingine ni wakati wa matibabu. Daktari akianza dawa au akibadili kiwango, vipimo vya kabla na baada humwonyesha kama mwendo umepungua na kama usingizi umeharibika.

“Namba zikishuka, ndiyo amepona.”

Kutulia si kujifunza. Mwaka 2015 Dustin Sarver, Mark Rapport na wenzao walionyesha kwamba watoto wenye ADHD walipojisogezasogeza zaidi walifanya vizuri zaidi kwenye mazoezi ya kushika mambo kichwani huku wakiyapanga upya. Huenda mguu unaotikisika chini ya dawati ndio unaomweka macho. Mwalimu, kama haumsumbui jirani yake, uache.

“Binti yangu saa inasema yuko sawa.”

Wapo watoto, wasichana wengi wakiwemo, ambao shida yao ni umakini: wamekaa kimya, daftari liko wazi, akili haipo. Saa haiwaoni kabisa.

“Saa yoyote itafaa.”

Ya dukani hupika hesabu zake kwa programu ya kampuni, na mbili za aina tofauti zaweza kutoa namba tofauti kwa mkono uleule. Usimlinganishe mwanao na wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe, kwa saa ileile, mkono uleule, kisha uzipeleke namba pamoja na daftari kwa daktari wa watoto au wa afya ya akili. Kwa wa hapa mjini, pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo.

“Ni namba tu, hazimdhuru mtu.”

Ni taarifa za afya za mtoto: analala lini, yuko macho lini, na saa nyingine huonyesha hata alipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Shule au mradi wowote ukitaka kumvisha mwanao kifaa, uliza namba zinakwenda wapi, nani atazisoma na zitafutwa lini, na majibu yao wayaandike kabla hujatia saini.