Saruji si dawa ya ukuta wa matumbawe

Wenye nyumba kongwe za Mji wa Kale, Mombasa, wengi huamini plasta ya saruji ni nafuu na hudumu, basi bajeti ya ukarabati huanzia hapo. Lakini kuta hizo ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, nazo hupumua, yaani unyevu hupita na kukauka. Saruji huufungia unyevu huo ndani ya ukuta. Chumvi hujikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma hadi ibambuke, nawe ukamlipa fundi mara ya pili.

Jipimie mwenyewe. Gonga plasta kwa kidole: ikilia utupu, imeachana na jiwe. Bandika karatasi ya nailoni, ziba pande zote, uiache siku mbili. Matone upande wa ukutani ni unyevu wa ukuta wenyewe. Choma boriti kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani, maana huko ndiko huoza kwanza.

Pesa zianzie paa na mifereji ya mvua, kisha boriti, ndipo plasta ya chokaa: sehemu 1 kwa 3 za mchanga usio wa baharini, tabaka za sentimita 1, zikinyunyiziwa maji kila siku. Rangi mwisho. Tenga asilimia 20 kwa yaliyofichika, na fundi umlipe kwa awamu, kila kazi ikishakaguliwa.