Baluni haisafishi mshipa

"Docta, mulishasafisha mshipa wa mguu wa papa, baba yetu, aspirini ni ya nini tena?" Hapa Lubumbashi swali hili halikomi, na linaniuma, kwa sababu anayeamini hivyo anaacha dawa.

Baluni, kipira kidogo tunachokivimbisha ndani ya mshipa wa damu ulioziba, haitoi kitu. Mafuta na chokaa vilivyoziba mshipa vinabaki mlemle. Tunachoma kinena, tunapitisha waya, kisha mrija wa saizi ya French 6, ambao uwazi wake ni kama milimita 2. Tunatia heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi uniti 5000. Waya ukishavuka palipoziba, baluni inafuata: milimita 5 au 6 kwenye paja, 2.5 au 3 chini ya goti. Inajazwa dawa ya picha iliyochanganywa na maji ya chumvi, hewa hapana, hadi presha ya atimosfea 8 au 10, kwa dakika 2 au 3.

Sasa sikilizeni vizuri. Baluni ikivimba, ngozi ya ndani ya mshipa inachanika na ukuta unatanuka. Huko kuchanika ndiyo tiba yenyewe. Bila hivyo njia haifunguki. Mchaniko mdogo unapona wenyewe. Ukiwa mrefu na kipande kinaning'inia mbele ya damu, tunarudisha baluni kwa muda mrefu zaidi. Kikikataa kulala, tunaweka stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa wazi. Nyuma ya goti tunaikwepa tukiweza: pale panakunjwa kila hatua, na chuma kinavunjika.

Kwa hiyo papa ametoka na jeraha ndani ya mshipa. Damu ikigusa jeraha inaganda, na hiyo ndiyo kazi ya aspirini, mara nyingi pamoja na klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa mwezi 1 hadi 3. Kisha linakuja kovu, hasa mwaka wa kwanza, ambalo aspirini hailizuii. Mshipa si bomba la maji la Regideso. Uko hai, unaota nyama. Ndiyo maana tunapima tena mapigo ya kifundo. Kwa mwenye sukari kipimo cha presha ya kifundo kinadanganya, maana chokaa inakaza mshipa. Pimeni presha ya kidole gumba cha mguu. Sigara iachwe, basi.

Baluni au upasuaji wa kupitisha damu kando ya palipoziba, mara nyingi kwa vena (mshipa wa kurudisha damu) ya mgonjwa mwenyewe: kipi kwanza, mguu ukiwa hatarini kukatwa? Hapo hata sisi tunabishana. Utafiti wa BEST-CLI wa 2022 uliunga mkono upasuaji kwa mwenye vena nzuri ya mguu. Utafiti wa BASIL-2 wa 2023, kwa mishipa ya chini ya goti, ukaunga mkono baluni. Mimi naangalia vena, moyo na kidonda, na bado nasitasita.

Mguu ukipoa ghafla, ukapauka na kuuma, mleteni papa saa hiyohiyo. Musiukande na maji ya moto: mguu uliokufa ganzi unaungua bila mwenyewe kusikia.