Kasuku na Usemi Wake: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi huamini kwamba kila kasuku husema, na kwamba asiyesema hajafundishwa vya kutosha. Dunia ina zaidi ya aina 350 za kasuku, na uwezo wao wa kuiga sauti ya binadamu hutofautiana mno. Cherero, wale wadogo wenye rangi za kijani, manjano na chungwa, ambao aina mbili kati ya wanaofugwa zaidi asili yao ni kaskazini na katikati ya Tanzania, ni nadra sana kutamka neno lolote. Anayemnunua cherero ili apate wa kuzungumza naye atavunjika moyo, na ndege atalaumiwa kwa kosa lisilo lake.

Wengine hudhani kwamba ndege mkubwa ndiye msemaji hodari. Makau wa Amerika ya Kati na Kusini, wenye mikia mirefu na kelele zinazosikika mbali, kwa kawaida hujua maneno machache tu, na matamshi yao hayako wazi. Kinyume chake, baji, kasuku wa Australia asiyezidi gramu 40 hivi, anaweza kuhifadhi mamia ya maneno. Dume mmoja wa California aliyeitwa Puck, aliyekufa mwaka 1994, aliwekwa kwenye rekodi za dunia za Guinness kwa maneno 1,728. Katika baji madume ndio husema zaidi, lakini kwa kasuku wa kijivu wa Afrika, madume na majike husema sawasawa.

Ipo pia imani ya zamani, na ya kikatili, kwamba ulimi wa kasuku ukikatwa ncha au kupasuliwa atasema vizuri zaidi. Kasuku hana nyuzi za sauti kooni kama binadamu. Sauti yake hutoka kwenye kiungo kiitwacho sirinksi, kilichopo chini kifuani pale njia ya hewa inapogawanyika kuelekea mapafuni, kisha ulimi wake mnene huitengeneza sauti hiyo ifanane na ya kwetu. Kumkata ulimi ni kuharibu chombo kilekile anachokitegemea kutamka, mbali na maumivu na shida ya kula.

Wafugaji wengi humwachia ndege sauti iliyorekodiwa ijirudie kutwa nzima, wakiamini kwamba wingi wa kurudia unatosha. Hapa mfano wa Alex unafundisha mengi. Kasuku huyu wa kijivu alinunuliwa mwaka 1977 katika duka la wanyama mjini Chicago na mtafiti Irene Pepperberg, ambaye alimfundisha kwa kuweka watu wawili mbele yake: mmoja akiuliza, mwingine akijibu na kukabidhiwa kitu alichokitaja, huku ndege akitazama na kutamani nafasi hiyo. Kasuku wa mtafiti huyo waliosikilizishwa kanda peke yake hawakujifunza kutumia majina ya vitu. Alex, hadi alipokufa mwaka 2007, alikuwa anataja rangi saba na maumbo matano, anahesabu hadi sita, na anaeleza kama vitu viwili vinafanana au vinatofautiana. Kwa hiyo, tunaposema mwanafunzi amekariri kama kasuku, tunamwonea ndege huyu kwa kiasi fulani. Si kwamba kila kasuku wa nyumbani anaelewa kila anachotamka, lakini wengi huunganisha neno na tukio, kama vile kuaga mtu anapoelekea mlangoni.

Wala kuiga si tabia inayozaliwa kizimbani. Watafiti waliwahi kurekodi kasuku wa kijivu wa porini nchini Kongo wakiiga milio ya ndege wengine, na hata ya popo mmoja. Kasuku ni ndege wa kundi, na sauti ndiyo inayomfunga na wenzake. Akiwa peke yake nyumbani, binadamu ndio kundi lake, naye hujifunza milio yao. Ndiyo maana kasuku aliyetelekezwa kwenye kizimba husema kidogo, na mara nyingi hujinyonyoa manyoya.

Dhana nyingine ni kwamba kasuku wa porini hawatakwisha. Nchini Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kasuku wa kijivu walikuwa wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu 1992, na mwaka huohuo mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, mjini Johannesburg ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wanaonaswa porini. Kabla ya kumnunua kasuku, dai hati zinazothibitisha alikozaliwa, na uulize kibali cha kumfuga katika mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako.