Mpira wa mate: maana yake, na Ed Walsh aliyeutawala

Katika besiboli, mpira wa mate ni mrusho ambao mrushaji hulowesha sehemu ndogo ya mpira kabla ya kuuachia, pale tu vidole vya mbele vinapokaa. Kwa kawaida vidole huuburuza mpira unapotoka mkononi, ndipo unazunguka. Palipolowa, vidole huteleza, na mpira hutoka karibu bila mzunguko wowote. Mpigaji anauona unakuja kwa kasi, anapeleka gongo, halafu mpira unazama chini ya gongo lake. Warushaji hao walitafuna gome la mti lenye utelezi ili mate yawe mazito, na mara nyingi walipeleka mpira mdomoni hata pasipo nia ya kuulowesha. Ujanja mtupu.

Bingwa wake alikuwa Ed Walsh wa Chicago White Sox, aliyewahi kufanya kazi kwenye migodi ya makaa ya mawe Pennsylvania. Mwaka 1908 alishinda michezo 40 na kurusha vipindi 464. Mchezo mmoja una vipindi 9, kwa hiyo hesabu hiyo inapita michezo 51 mizima. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo aliwatoa wapigaji 15 wa Cleveland kwa kushindwa kuugonga mpira wake, na bado akafungwa 1-0, kwa sababu Addie Joss wa upande wa pili hakumruhusu mtu hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Mzigo huo wa vipindi mkono haukuuweza. Baada ya msimu wa 1912 Walsh hakuwa yule tena, ingawa wastani wake wa mikimbio (alama) 1.82 aliyofungwa kwa kila vipindi 9 bado ndio mdogo kuliko wa mrushaji yeyote.

Wengi husema mrusho huu ulikatazwa kwa sababu ya kifo cha Ray Chapman, mchezaji wa Cleveland aliyepigwa mpira kichwani. Tarehe zinakataa: marufuku ilipitishwa Februari 1920, Chapman akafa Agosti. Warushaji 17 waliokuwa wakiutegemea waliachiwa waendelee nao hadi wastaafu, na wa mwisho, Burleigh Grimes, aliondoka mwaka 1934. Waliobaki waliufanya kwa kificho. Mrushaji Gaylord Perry alishukiwa miaka nenda rudi, lakini mwamuzi alikuja kumtoa uwanjani kwa kosa hilo mwaka 1982, akiwa na miaka 43.